Mvumo kwenye rekodi za nyumbani: namna ya kuusaka hadi unapoingilia

Vokali imekaa, biti imekaa, lakini kila msanii akinyamaza unabaki mlio wa "zzzz" nyuma yake. Ukiweka kompresa ndiyo unapanda zaidi, kwa sababu kompresa huinua kilichokuwa chini. Hapo wengi hukimbilia plagini ya kusafisha sauti au huagiza maiki nyingine, na mvumo unawafuata hadi kwenye maiki mpya. Mvumo wa umeme una mahali unapoingilia, mara nyingi sehemu moja tu, mara chache mbili, na mahali hapo hupatikana kwa kuchomoa vitu kimoja kimoja kwa mpangilio. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi. Kwa studio za chumbani kuanzia Mbeya mjini, Tukuyu na Vwawa hadi Makambako, Mafinga na Iringa, watuhumiwa wakuu ni watatu: chaja ya laptopu, ethi ya nyumba (waya wa usalama uendao ardhini) ambayo haipo au imekatika, na waya wa mono uliovutwa mrefu. Wapo wengine pia, tutawafikia.

Mlio wenyewe unasema nini

Umeme wa TANESCO ni volti 230 kwa masafa ya 50 Hz. Kwa hiyo mvumo wetu hukaa kwenye 50 Hz na vizidishi vyake: 100, 150, 200 na kuendelea juu. Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa Marekani, ambako umeme ni 60 Hz, na baadhi ya plagini za kuondoa mvumo huja zimewekwa 60 na 120. Ukiziacha hivyo zitakata sauti isiyo na kosa na mvumo utabaki palepale.

Mvumo mzito na laini, "mmmm" wa chini, kwa kawaida ni 50 Hz yenyewe. Huo hutokana na transfoma iliyo jirani na waya au pikapu ya gitaa, au na waya wa ngao, ule unaozizunguka nyaya za sauti kuzilinda, uliokatika ndani ya kebo. "Zzzz" kali yenye meno ina vizidishi vingi: chaja, taa za bei ndogo, dima, inveta, au mzunguko wa ethi. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi au ukiskroli ukurasa unatoka kwenye kompyuta kupitia USB. Mawasiliano ya USB huenda kwa mafungu 1,000 au 8,000 kwa sekunde, ndiyo maana mlio huo hupenda kukaa kwenye 1 kHz au 8 kHz. "Titi-titi-titi" ni simu inayotafuta mnara kwa mtandao wa 2G. Ihamishie chumba kingine au izime mtandao, kesi imeisha. "Shhhh" si mvumo kabisa: ni geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) iliyopandishwa mno kwa sababu mwimbaji yuko mbali na maiki.

Kama sikio halina uhakika, rekodi kimya cha sekunde 20 na ukifungue kwenye Audacity. Chagua kipande chote, nenda menyu ya Analyze, fungua Plot Spectrum, na weka ukubwa wa 65536. Hapo mstari unasoma tofauti ndogo kuliko Hz 1. Vilele vikisimama kwenye 50, 100 na 150 kamili, ni umeme wa nyumba. Vikikaa kwenye 1,000, ni USB. Vikiwa vimetawanyika kila mahali bila mpangilio, fikiria inveta ya sola au mashine ya jirani.

Kuchomoa kwa mpangilio

Kabla ya yote jibu swali moja: mvumo unarekodiwa, au unasikika tu kwenye spika? Zima monita (spika za studio), vaa hedifoni zilizochomekwa moja kwa moja kwenye saundikadi, rekodi kimya, kisha isikilize faili. Faili ikiwa safi na monita zikiwa zinavuma, tatizo liko kati ya saundikadi na spika, na maiki yako haina hatia. Watu wengi hubadilisha maiki kwa mvumo ambao haujawahi kuingia kwenye rekodi hata mara moja.

Ikiwa umo kwenye faili, endelea hivi, ukiangalia mita ya sauti kwenye programu kila hatua. Andika namba. Sikio huzoea haraka na huanza kudanganya.

Chomoa chaja ya laptopu na uendelee kwa betri. Mvumo ukikatika hapo hapo, umempata. Ruka hadi sehemu ya chaja.

Ukibaki, shusha geini ya maiki hadi sifuri. Mvumo ukishuka pamoja na geini, unaingia kabla ya saundikadi: maiki, kebo, gitaa, au hewa iliyowazunguka. Usiposhuka, unaingia baadaye: USB, umeme wa saundikadi yenyewe, au saundikadi imeharibika.

Rudisha geini palepale ilipokuwa na ubadilishe kebo, siyo kuichomoa tu. Hapa watu hupotoka. Kebo inayoning'inia bila maiki mwishoni huokota mvumo kuliko kebo iliyounganishwa, kwa hiyo ukichomoa maiki na kuacha waya, unaweza kuihukumu kebo nzima kwa kosa la mtu mwingine. Badilisha kebo kwa kebo, kisha maiki kwa maiki. Ukikosa ya akiba, azima kwa mwenzako kwa jioni moja.

Hatua ya mwisho ni ile ambayo wachache huifanya, nayo hutoa jibu kuliko zote. Laptopu ikiwa kwa betri na saundikadi ikipata umeme wake kwa USB, nenda kwenye sakiti breka na uzime moja baada ya nyingine: taa, soketi za sebuleni, friji, hita ya maji. Mtu mmoja abaki na hedifoni. Ukizima swichi kuu ya nyumba nzima na mvumo bado upo, chanzo kiko kwa jirani, kwenye nguzo, au ndani ya laptopu. Ukizima breka ya taa na mvumo ukafa, huna haja ya kugusa kitu kingine chochote chumbani.

Chaja ya laptopu

Chaja nyingi ni za pini mbili, hazina ethi. Ndani yake kuna kapasita ndogo za usalama zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 19. Kwa kuwa hakuna ethi ya kuumwaga mkondo unaopenya hapo, mwili wa laptopu huelea kwenye volti zinazokaribia nusu ya umeme wa nyumba. Mkondo wenyewe ni mdogo, chini ya miliampea moja, ndiyo maana hauui bali huwasha ngozi ukipitisha mgongo wa mkono juu ya bati la laptopu. Mkondo huo ukitafuta njia ya kutokea hupita kwenye waya wa ngao wa kebo zako za sauti, na hapo ndipo unasikia "zzzz".

Dawa rahisi ni kurekodi kwa betri. Chaji laptopu hadi ijae, chomoa, rekodi vokali zote, chomeka tena wakati wa kuchanganya. Kwa vokali za wimbo mmoja betri nzima inatosha.

Kama betri imechoka na haikai hata nusu saa, tafuta chaja ya pini tatu ya volti zilezile na ampea zilezile au zaidi. Inafanya kazi tu kama soketi yako ina ethi ya kweli. Ukiichomeka kwenye ethi iliyokufa hujabadilisha kitu.

Saundikadi yenye tundu lake la umeme wa volti 5 unaweza kuilisha kwa powabanki. Powabanki haijaunganishwa na ukuta, kwa hiyo haileti mvumo wa umeme, na huipunguzia USB ya laptopu mzigo. Usiichaji wakati unarekodi.

Vipo pia vidude vya kutenganisha USB ambavyo hukata muunganiko wa umeme huku vikipitisha data. Soma maelezo kabla ya kulipa: vingi vya bei ndogo vina kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde, wakati saundikadi nyingi za USB 2.0 hutaka 480. Ukikichomeka, saundikadi haionekani kabisa kwenye kompyuta, na muuzaji atakuambia kizima.

Kuna jambo moja hapa lisilo na mjadala. Usikate pini ya ethi kwenye plagi, usiizungushie selotepu, wala usitumie adapta ya pini mbili kuiruka, hata kama mvumo unaisha ukifanya hivyo. Mikisa au ampu ikipata hitilafu ndani na umeme ukagusa bati lake, ethi ndiyo inayofanya fyuzi au breka ikate. Ukiiondoa, njia inayobaki ni mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma, na amesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Ethi ya upande wa sauti inaweza kukatwa kwa usalama, kwa njia tutakazozitaja mbele. Ethi ya umeme haikatwi.

Ethi ya nyumba

Soketi ya matundu matatu haimaanishi ethi ipo. Nyumba nyingi za kupanga zina waya wa kijani wenye mstari wa njano uliofika kwenye soketi, lakini upande wa pili umeishia hewani, au nondo ya ethi iliyochimbiwa nje ya ukuta imeliwa na kutu, au waya wake ulikatwa siku walipopiga plasta.

Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA hulipima kwa dakika chache kwa malitimita iliyowekwa upande wa AC. Laini na nyutro zinapaswa kuonyesha karibu 230, japo jioni zinaweza kushuka. Laini na ethi zinapaswa kuonyesha karibu namba ileile. Nyutro na ethi zinapaswa kuwa volti chache tu. Laini na ethi zikionyesha namba inayoyumba, tuseme 60, mara 110, mara 85, ethi hiyo haijaungwa popote. Mita inaokota tu umeme unaovuja kwa ukaribu wa nyaya. Ujue pia kwamba malitimita haiwezi kukuambia ubora wa nondo yenyewe ardhini. Kwa hilo fundi anahitaji kipima ethi maalumu, na aliye nacho ndiye wa kumwita.

Nyanda za Juu Kusini zina jambo lao hapa. Mvua huisha karibu na Mei, na hadi Oktoba udongo wa juu huwa umekauka. Udongo mkavu hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo nondo fupi iliyofanya kazi vizuri mwezi wa tatu huweza kuleta mvumo mwezi wa tisa bila mtu kugusa waya. Uyole na Iringa mjini utaliona hilo kuliko Tukuyu, ambako ardhi hukauka kwa nadra. Kumwagia maji eneo la nondo jioni kabla ya kurekodi ni jaribio zuri: mvumo ukipungua, umejua kwamba nondo ni fupi au ipo mahali pabaya. Suluhisho la kudumu ni nondo ndefu zaidi yenye ganda la shaba, iliyofika kwenye udongo wenye unyevu. Chumvi ambayo wengine humwaga hapo husaidia kwa muda, kisha hula nondo.

Usichimbie studio nondo yake ya peke yake huku nyumba ikiwa na nyingine. Nondo mbili zisizounganishwa huwa na volti tofauti, na radi ikipiga jirani tofauti hiyo hupita katikati ya vifaa vyako. Bomba la maji nalo si ethi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki. Na kwa kuwa tumetaja radi: kuanzia Novemba, mawingu yakianza kunguruma chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa antena. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Mzunguko wa ethi

Hapa ethi ipo nzima, na bado kuna mvumo. Laptopu imechomekwa soketi ya mlangoni, monita zimechomekwa soketi ya dirishani. Kila kimoja kina njia yake ya kwenda ethi, kisha waya wa sauti unaziunganisha tena. Umetengeneza duara la waya, na duara hilo huokota usumaku wa nyaya za umeme zilizopita ukutani.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Chomeka kila kifaa cha studio kwenye ekstensheni moja nzuri ya pini tatu, soketi moja ya ukutani. Watu huogopa kuzidisha mzigo, lakini piga hesabu: laptopu wati 65, monita mbili wati 100, skrini wati 30, saundikadi karibu hakuna. Hizo ni chini ya wati 200, na soketi ya ampea 13 hubeba karibu wati 2,990. Usichomeke pasi wala birika hapo, basi.

Dawa ya pili ni kebo za balansi kati ya saundikadi na monita: jeki stereo ya inchi robo kwa jeki stereo, au jeki stereo kwa XLR. Saundikadi nyingi hutoa sauti ya balansi na monita nyingi huipokea, lakini katikati mtu ameweka waya wa mono au waya wa RCA uliotoka kwenye deki ya zamani, na faida yote imepotea. Kebo ya balansi hubeba sauti mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa. Mwishoni zinapolinganishwa, kilichoingia sawa kwenye nyaya zote mbili, yaani mvumo, hujifuta chenyewe.

Spika zisizo na tundu la balansi ziwekee transfoma ya sauti ya kutenganisha, moja kwa kila upande. Sauti inapita kwa usumaku, na ethi ya sauti inakatika bila kugusa ethi ya umeme. Zile ndogo za bei ya chini hula besi, kwa hiyo usizitumie kuchanganya singeli halafu ukashangaa kwamba kiki imejaa mno ukiwa kwenye gari.

Kebo

Kebo nyingi zinazovuma hazijafa. Waya wa ngao umekatika sentimita moja au mbili ndani ya plagi, pale kebo inapokunjwa kila siku. Sauti inaendelea kupita, kwa hiyo hakuna anayeishuku.

Weka malitimita kwenye mlio wa "piii". Kwa XLR, pini ya 1 upande huu iite na pini ya 1 upande ule, 2 na 2, 3 na 3, na zisiitane kwa kuchanganyika. Pini ya 1 ndiyo ngao. Kwa jeki mono, ncha na ncha, mwili na mwili. Wakati unapima, tikisa kebo karibu na plagi. Mlio ukikatika-katika, hapo ndipo. Kata sentimita 3 hadi 5, menya upya, chomea kwa risasi, na uhakikishe kishikilia kebo kimebana ganda la nje na siyo nyaya za ndani. Risasi iliyopoa vizuri hung'aa kidogo na huukumbatia waya. Iliyokaa kama tone la kijivu juu ya waya itakurudisha hapo mwezi ujao. Risasi mbovu kama hiyo ndiyo pia huokota redio, ukasikia mtangazaji katikati ya vokali.

Kebo za sauti na za umeme zisilale pamoja kwenye mkeka mmoja. Ziachanishe sentimita 30 au zaidi, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Tofali la chaja lisikae juu ya saundikadi, japo ndipo mahali ambapo kila mtu huliweka. Kebo iliyozidi usiizungushe duara karibu na transfoma.

Maiki ya kondensa kwenye tundu dogo la laptopu

Hii inastahili sehemu yake kwa sababu ndiyo studio ya kwanza ya vijana wengi. Maiki za kondensa za mtindo wa BM-800 huja na kebo yenye XLR upande mmoja na jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mwingine. Kebo hiyo huipa maiki volti chache zinazotoka kwenye laptopu, wakati kondensa ya studio hutaka fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaoletwa na saundikadi kupitia kebo ya XLR. Sauti inatoka ndogo, unapandisha geini hadi mwisho, na tundu hilo halina balansi, kwa hiyo kila uchafu wa laptopu unapanda nao. Hakuna povu wala plagini itakayoliponya hilo. Weka hela kwenye saundikadi ndogo yenye fantomu ya 48 na kebo ya XLR kwa XLR, maiki ileile uliyonayo. Utofauti utausikia kabla hujamaliza kupima geini.

Na geini yenyewe: vilele vya mwimbaji vikae kati ya desibeli -12 na -10 kwenye mita, rekodi ikiwa ya biti 24. Kimya cha chumba kikikaa chini ya -60, uko salama kwa kazi nyingi. Kikiwa -45, rudi kwenye kuchomoa.

Gitaa, kinanda na kwaya

Gitaa lenye pikapu za koili moja litavuma kidogo hata likiwa zima. Kaa umeshika gitaa na ujizungushe polepole kwenye kiti: kuna pembe ambayo mvumo hupungua sana. Rekodi ukiwa umeelekea huko, mita 2 kutoka kwenye laptopu na chaja. Ukigusa nyuzi na mvumo ukashuka, hiyo ni kawaida. Lakini ukigusa chuma cha jeki na ukashuka huku ukigusa nyuzi haushuki, waya unaotoka kwenye briji kwenda mgongoni mwa poti (kitasa cha sauti) umekatika. Ni kuchomea mara moja tu.

Ndani ya gitaa unaweza kubandika karatasi ya shaba au ya aluminiamu kwenye mashimo yote na nyuma ya bamba la mbele, zigusane zote na ziunganishwe na ethi ya jeki. Aluminiamu haishiki risasi, kwa hiyo iunge kwa skrubu. Hakikisha haigusi ncha ya sauti ya jeki, la sivyo gitaa litanyamaza kabisa.

Kinanda cha kwaya ni hadithi nyingine: adapta ya pini mbili, waya wa mono wa mita 10 kutoka jukwaani hadi kwenye mikisa. Waya wa mono ukishapita mita 5 hivi unaomba mvumo. Weka boksi la DI, linalogeuza sauti ya mono kuwa ya balansi, karibu na kinanda, waya mfupi kuingia, XLR ndefu kutoka. Boksi la DI lina kiswichi cha kuinua ethi; hicho hukata ethi ya sauti tu, ndiyo njia halali tuliyoitaja. Kijaribu pande zote mbili na ukiache kwenye upande wenye utulivu.

Sola, jenereta na majirani

Vijijini Makete, Rungwe au Mbozi studio nyingi hutegemea sola. Inveta za bei ndogo hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na kila ngazi ni vizidishi vingine juu ya sauti yako. Kwa studio nunua inveta iliyoandikwa "pure sine wave" kwenye boksi, au izime kabisa wakati wa kurekodi na utumie betri ya laptopu. Kidhibiti chaji cha paneli nacho hupiga mlio mchana jua likiwa kali. Usiku mlio huo haupo, na ndiyo sababu rekodi za usiku za nyumba ileile huwa safi.

Jirani anayechomelea mageti, mashine ya kusaga, au mashine za kupasua mbao kama zile za Mafinga huchafua laini nzima ya umeme. Kwa hao hakuna dawa ya bei ndogo. Betri ya laptopu huondoa sehemu kubwa, na muda wa kazi huondoa iliyobaki: rekodi baada ya saa 2 usiku, wakishafunga. Mlio wa mashine unaoingia kwa hewa kupitia dirishani ni suala la mapazia na milango, siyo la umeme.

Juni na Julai huleta kelele ambayo hudhaniwa ni umeme: milio ya "pap, pap" kwenye maiki ya kondensa. Maiki iliyolala kwenye baridi ikiletwa chumba chenye joto hupata umande kwenye utando wake. Iache nje ya boksi nusu saa kabla ya kuwasha fantomu, na uihifadhi pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu. Jeki zenye kutu zifute kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uzichomeke na kuzichomoa mara kumi.

Kilichobaki kwenye rekodi iliyokwisha kufanyika

Msanii ameondoka kwenda Dar na huwezi kumrudisha. Anza na kichujio cha kukata chini: 80 Hz kwa sauti ya kiume, 100 hadi 120 kwa ya kike. Hicho hupunguza 50 Hz bila kuumiza mtu. Vizidishi vya 100, 150, 200 na 250 vimo ndani ya sauti yenyewe, kwa hiyo vikate kwa bendi nyembamba sana, Q (kipimo cha wembamba wa bendi) ya 30 au zaidi, desibeli 10 hadi 15 kila moja, ukianza na kile kilicho juu kuliko vyote kwenye Plot Spectrum.

Kisha chukua sekunde chache za kimya kama sampuli na upunguze kelele kwa desibeli 6 hadi 12. Ukienda 24 mvumo utaisha, lakini sauti itaanza kuzungumza kama iko ndani ya ndoo. Geti, inayoshusha sauti kila mwimbaji anaponyamaza, iweke mwisho, na isifunge kabisa: ishushe kimya kwa desibeli 10 tu, maana mvumo unaokatika ghafla kati ya mistari huonekana zaidi kuliko unaoendelea. Biti ikishaingia, mvumo wa -60 hakuna atakayeusikia. Wa -45 utasikika kwenye intro, na hapo ni afadhali kukata vokali kwa mkono, neno kwa neno, ukiacha pumzi zake zibaki.